Damu Ina Mwenyewe

Nina ugomvi na watu wanaobuni wanyonyadamu. Sisemi wale wa riwaya wala wa sinema, ambao wana kesi yao mbali. Nawasema wale wanaowabuni kwa ajili ya michezo ya mezani, ile ambayo watu wanne watano huketi kuizunguka meza, kila mmoja akajifanya mtu fulani wa kubuni, akasema na kutenda kwa niaba yake, na dadu zikaamua pale maneno yanaposhindwa. Mmoja kati yao hana mhusika. Huyo ndiye msimulizi, na dunia yote iliyobaki, tangu muuza genge hadi mvua, hukaa kinywani mwake. Nilijifunza mchezo huu nilipokuwa mwanafunzi Minneapolis, jimbo la Minnesota, katika miaka ya 1990, nikarudi nao Tanga sandukuni pamoja na vitabu ambavyo marehemu mama alivificha uvunguni mwa kitanda ili wageni wasivione majalada yake. Tangu hapo nimekuwa msimulizi barazani kwetu kila Jumamosi ambayo umeme na afya viliruhusu. Wamepita wachezaji wengi. Na kila baada ya muda hutokea mmoja akasema, "Mzee, safari hii mimi nataka kuwa mnyonyadamu," akanikabidhi karatasi aliyokwisha kuijaza.

Karatasi hizo ndizo zinazonitia uchungu. Nazifungua nakuta orodha ya uwezo: huyu anageuka popo, ana nguvu za watu kumi, anamtazama mtu machoni akamtia utumwani. Nakuta nguo nzuri. Nakuta huzuni ya karne tatu, imeelezwa kwa mistari miwili. Jambo moja silikuti, nalo ni mtu yeyote aliyepata kunyonywa. Mhusika ana miaka mia tatu, anakunywa kila usiku, na katika karatasi nzima hamna jina hata moja la mwenye damu. Damu hiyo imetoka wapi? Imetoka ukutani kama maji ya bomba. Basi nathubutu kusema kwamba huyo si mnyonyadamu hata kidogo. Ni shujaa wa kawaida aliyejipaka unga usoni.

Tutazame kwanza kiumbe huyu alikotoka, maana wengi wanaombuni hawajui kwamba wamempokea akiwa amekwisha kubadilishwa mara nyingi. Katika vijiji vya Serbia, ambako maofisa wa Austria waliandika taarifa zao maarufu za mwaka 1725 na 1732, mnyonyadamu hakuwa bwana mkubwa wala hakuwa mwembamba mwenye uso mweupe. Alikuwa maiti wa mkulima, mwekundu, aliyevimba. Na alikuwa jirani. Alipotoka kaburini alirudi kwao, akaanza na wale waliompikia na kumzika. Ukubwa alipewa baadaye: John Polidori, daktari wa mshairi Byron, alimfanya kabaila katika hadithi yake ya mwaka 1819, na Bram Stoker akamjengea ngome mwaka 1897. Lakini tazama jinsi Stoker alivyokuwa mwangalifu. Kitabu chake chote ni shajara, barua na kumbukumbu za watu wanaowindwa na wanaowinda. Dracula mwenyewe hana shajara. Ukiondoa vijibarua vyake vichache, hakupewa kalamu. Walionyonywa ndio wanaosimulia. Mambo yaligeuka mwaka 1976, Anne Rice alipomketisha mnyonyadamu mbele ya kinasa sauti, akamwacha aeleze maisha yake usiku kucha. Naikubali riwaya hiyo, ni kazi ya mtu hodari. Ila tangu siku ile anayesikilizwa ni yule aliyeshiba, na wahenga walikwisha kutuambia aliyeshiba anamjua nani.

Mezani nako aliingia mapema kuliko watu wanavyodhani, tena aliingia palepale Minnesota. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Dave Arneson aliendesha mchezo wake wa Blackmoor, ambao ni mmoja wa wazazi wawili wa Dungeons & Dragons ya mwaka 1974. Mchezaji mmoja katika kundi hilo akawa mnyonyadamu, naye akawa na nguvu mno hata wenziwe wakashindwa kumweza. Husimuliwa na waliokuwepo kwamba ili kumzuia ilibidi ibuniwe kazi mpya kabisa, kasisi mwenye msalaba na dua. Na kasisi huyo amebaki katika mchezo huo hadi leo kama mmoja wa wahusika wake wa asili. Mimi napenda sana kisa hiki. Kinaonyesha kwamba mnyonyadamu wa kwanza kuchezwa alileta tatizo lilelile ninalolilalamikia, na dawa iliyotafutwa ilikuwa kumwongeza mtu wa kumpiga. Hakuna aliyewaza kumwongeza mtu wa kumdai.

Hapo ndipo namvulia kofia Mark Rein-Hagen. Mwaka 1991 alitoa Vampire: The Masquerade, mchezo ambao kila aliyeketi mezani ni mnyonyadamu, kwa hiyo hakuna wa kumkimbilia kasisi. Ndani yake aliweka kipimo cha utu, kinachoanzia kumi na kushuka. Ukiua ovyo unashuka, na ukifika sifuri mhusika wako si wako tena, anakuwa mnyama mikononi mwa msimulizi. Wazo hilo ni kubwa. Lilimwambia mchezaji kwamba adui yumo ndani ya karatasi yake mwenyewe. Lakini pembeni ya kipimo hicho mtunzi aliweka kingine, safu ya visanduku vidogo vya damu, na visanduku hivyo ndivyo vilivyowapumbaza watu. Uwezo mwingi unalipiwa kwa pointi za damu. Pointi zikipungua, unakwenda kujaza. Baada ya jioni mbili tatu mchezaji anavitazama visanduku vyake kama dereva wa lori anavyotazama mshale wa mafuta, na msimulizi mvivu anamwambia, "Haya, umepata mtu kichochoroni, ongeza tatu, tuendelee." Mtu wa kichochoroni hakuwa na sura. Alikuwa kituo cha petroli.

Hebu tufanye hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo iliyonifungua macho. Katika kanuni hizo binadamu mzima anahesabiwa kuwa na pointi kumi za damu. Mnyonyadamu wa kizazi cha kumi na tatu, ambaye ndiye apewaye mchezaji mgeni, naye anabeba kumi, na moja inakwenda kila jioni kwa kule kuamka tu. Sasa rudi katika mwili wa kweli. Mtu mzima ana damu ya lita tano hivi. Gawanya kwa kumi upate nusu lita. Anayejitolea damu hospitalini hutolewa mililita 450. Kwa hiyo pointi moja, kile kisanduku kimoja unachokifuta kwa raba bila kufikiri, ni takriban chupa moja ya damu, ileile ambayo watu huitafuta usiku wa manane.

Mezani kwetu yupo mama mmoja muuguzi, wa wodi ya wazazi. Jioni moja kijana wa chuo alisema kwa furaha, "Natumia pointi tatu, namrukia." Muuguzi aliweka kikombe chake chini akamwuliza, "Mwanangu, chupa tatu za nani?"

Kijana alicheka. Kisha akaona kwamba yule mama hacheki. Akatueleza, bila kupandisha sauti, kwamba mama aliyejifungua akipoteza nusu lita tayari anahesabiwa kuwa katika hatari, na kwamba amewaona ndugu wakipita ukumbini wakimwuliza kila mtu kundi lake la damu, hata mgeni aliyekuja kuuza karanga. Hakuwa akikataza mchezo. Yeye ndiye mchezaji wangu bora kuliko wote. Alikuwa akiuliza swali ambalo kanuni zilisahau kuuliza. Tangu siku ile barazani kwetu hatusemi pointi. Twasema chupa, na anayetaka kuzitumia hutaja kwanza za nani. Nakuhakikishia, msomaji, kwamba mabadiliko hayo ya neno moja yamefanya kazi ambayo sura kumi za maonyo katika vitabu hazikuifanya. Wachezaji wameacha kurukaruka. Wanafikiri kabla ya kuruka.

Watunzi wengine, wakiona uzito huo, hukimbilia mlango wa nyuma. Mhusika wao ni mnyonyadamu mwema: hunywa damu ya mbuzi, au hununua mifuko iliyoibwa hospitalini. Ya mbuzi naisamehe, ni uoga tu. Lakini ya mifuko siiwezi, na muuguzi wetu akisikia habari hiyo hukunja uso mpaka ninamwonea huruma mchezaji. Mfuko huo ulikuwa wa mtu! Ulitolewa na mtu na ulikuwa unakwenda kwa mtu. Mnyonyadamu wa mifuko amenyonya wawili kwa mpigo, aliyetoa na aliyekosa, na bado anajiita mwema kwa kuwa hakuziona shingo zao. Ukitaka kubuni mwovu wa kutisha kweli, mbuni huyo. Mchezaji mmoja alinikubalia, akamcheza kama mtunza stoo mpole, mwenye adabu, asiyepata kumgusa mtu, na baada ya majuma mawili hakuna aliyetaka kuketi karibu naye.

Kosa la pili la watunzi ni kuupenda uwezo na kuuonea haya udhaifu. Huandika uwezo kumi, kisha udhaifu mmoja, ule wa jua, kwa kuwa michezo huchezwa usiku na jua halimsumbui mtu. (Jua lenyewe si la kale. Dracula wa Stoker hutembea mchana akiwa amepungukiwa nguvu tu. Aliyeuawa na mapambazuko ni yule wa filamu ya Nosferatu ya mwaka 1922.) Mimi nimeona barazani kwamba uwezo hufunga kisa na udhaifu hukifungua. Mlango umefungwa, mchezaji asema, "Nina nguvu za watu kumi, nauvunja." Kimekwisha, tutafute kingine. Sasa mpe mnyonyadamu asiyeweza kuingia nyumba ya mtu bila kukaribishwa, sharti ambalo Stoker analo. Umempa nini? Umempa hodi.

Sijui kama Wazungu wanaelewa walichokibuni hapo. Kwetu sisi hodi ni jambo zito. Unabisha, unangoja, hupigi zaidi ya mara tatu, usipojibiwa unaondoka, na huondoki kwa kinyongo. Na anayejibu "karibu" hufanya hivyo kabla hajajua aliyepo ni nani, kwa maana kumwuliza mtu jina kabla ya kumkaribisha ni utovu wa adabu. Basi mweke mnyonyadamu mtaani kwetu, saa mbili usiku, mwenye njaa. Kila nyumba itamfungulia. Ulinzi wa Mzungu, kwamba mwovu haingii bila ruhusa, kwetu si ulinzi kamwe. Ni ukarimu wetu wenyewe uliogeuzwa kisu. Niliiweka hali hiyo mezani miaka kadhaa iliyopita. Mhusika akabisha hodi, na sauti ya mtoto ndani ikajibu, "Karibu, baba hayupo, ingia ungoje." Mchezaji alikuwa na ruhusa. Dadu zilikuwa mkononi. Alinyamaza kitambo kirefu, wenzake nao wakanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya mhusika wake, "Mwambie baba nitarudi siku nyingine," akaenda kulala na njaa, na njaa hiyo ilimgharimu vibaya usiku uliofuata. Hapakuwa na vita, wala uwezo uliotumika. Nasikia bado wanasimuliana.

Hata ule udhaifu wa kuchekesha una manufaa. Zipo nchi za Ulaya ambako watu waliamini kwamba ukimwaga mbegu ndogondogo kaburini au njiani, mnyonyadamu lazima azihesabu zote kabla ya kupita. Kwetu zilikuwa choroko za mama wa genge, kilo mbili, naye mhusika wa kutisha kuliko wote akapiga magoti sokoni akihesabu huku kukipambazuka. Tulicheka hadi jirani akaja kuuliza kulikoni. Lakini tuliendelea kumwogopa.

Sasa nifike kwenye pingamizi ambalo nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu. Husema: ninyi mna michezo ya kuagiza kutoka nje, lakini hapa petu habari ya kunyonya damu si mchezo. Ni kweli si mchezo. Sisi wa pwani tunalo neno letu, mumiani. Lilikuja na biashara ya bahari kutoka Uajemi likiwa jina la dawa nyeusi kama lami, ikatokea watu wakaamini kwamba dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya binadamu, kisha jina likamhamia yule anayeikamua. Wakati wa ukoloni, Kenya, Uganda na Tanganyika, walionyoshewa kidole sana walikuwa wazimamoto. Katanga waliitwa batumbula. Luise White alikusanya masimulizi hayo katika kitabu chake cha mwaka 2000, naye hakuyacheka. Aliyasoma kama kumbukumbu za watu wanaoeleza jinsi walivyouona utawala wa siku zile. Magari yanakuja usiku, watu wenye sare wanachukua, na anayechukuliwa hajui anachukuliwa kwa faida ya nani. Tena hadithi hizo zinaua. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonyadamu ulifanya watu kadhaa wauawe na makundi yenye hasira, hata Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Waliouawa hawakuwa wamemnyonya mtu. Walikuwa wageni, au wapweke, au wamepita njia usiku.

Kwa hiyo naulizwa: katika dunia ya namna hiyo, kuna heshima gani kumcheza mnyonyadamu?

Jibu langu ni kwamba ndiyo sababu hasa ya kumcheza, ila tumcheze sawasawa. Uvumi hunyosha kidole nje. Mnyonyaji ni yule pale, mgeni, mwenye gari, mzee wa macho mekundu. Kamwe si mimi. Meza yetu ndiyo mahali pekee ninapopajua ambapo mtu mzima mwenye akili timamu huketi kwa hiari yake akasema, "Mnyonyaji ni mimi. Nimemla huyu, na nilimla kwa sababu hii." Hakuna anayeshtakiwa. Hakuna jirani anayekimbizwa kwa mawe. Mtu hujitazama anavyochukua cha mwenziwe na anavyojitetea baada ya kuchukua, na utetezi huo, jamani, unafanana mno na ule anaousema Jumatatu asubuhi kazini. Faida hiyo yote hupotea endapo mhusika amebuniwa bila deni. Tunabaki tumeuchukua uovu wa mumiani tukaufanya vazi la harusi, na wale waliokuwa wakilia ndani ya hadithi tumewatoa nje ya mlango. Mnyonyadamu asiye na aliyenyonywa ni hadithi ya wazimamoto iliyosimuliwa na wazimamoto.

Na kwa kuwa nimetaja yetu, niseme na hili, ingawa ni kando ya njia. Mwaka 2003 kampuni ya mchezo ule niliousifu ilitoa kitabu cha wanyonyadamu wa Afrika, Kindred of the Ebony Kingdom. Humo jina la jumla la wanyonyadamu wa bara hili ni Laibon. Mimi nililisoma mara mbili nikidhani macho yangu yamechoka. Laibon! Jina la heshima la mganga na kiongozi wa ibada wa Wamaasai, jina la kina Mbatian na Lenana ambao vilele vya Mlima Kenya vinaitwa kwao. Mtu wa kuombea mvua na kubariki vijana amefanywa jina la mnyonyaji, kwa vile tu neno lilisikika vizuri. Koo mojawapo ya humo imeitwa Mla Watu, ukoo mzima kwa umoja, kana kwamba Kiswahili hakina ngeli. Sidhani walikusudia ubaya. Walifanya kilekile ninachokilalamikia tangu mwanzo: walichukua bila kuuliza ni cha nani.

Toleo la tano la mchezo huo, la mwaka 2018, limesogea upande wangu, na haki nisiifiche. Vile visanduku vya damu vimeondolewa. Pahala pake pamewekwa njaa, tangu sifuri hadi tano, na kadiri njaa inavyopanda ndivyo baadhi ya dadu zako za kawaida zinavyobadilishwa na dadu za njaa, ambazo zinaweza kukuharibia hata pale unaposhinda: umefaulu kufungua mlango, lakini umeufungua kama mnyama. Na kuifikisha njaa sifuri hakuna njia ila kumkausha binadamu hadi afe. Soma tena sentensi hiyo. Mtunzi amemwambia mchezaji: kuna shibe, naijua bei yake, amua. Aidha kila mhusika anatakiwa kuwa na watu walio hai anaoshikamana nao ili asipoteze utu. Hapo wamebakiza hatua moja. Watu hao ni wapendwa wake. Mimi nawataka na waathirika wake, na ikiwezekana wawe walewale, kama ilivyokuwa Serbia.

Huwezi kuamini jinsi kazi inavyokuwa nyepesi ukianzia upande huo. Fundi redio wetu alipotaka mnyonyadamu nilimnyang'anya karatasi ya uwezo, nikampa daftari tupu. Nikamwuliza nani alikuwa wa kwanza. Alikaa wiki nzima akarudi na mtu huyu: karani wa shamba la mkonge, hapahapa Tanga, katika miaka ya 1930, mwenye kazi ya kutia alama kwenye vipande vya vibarua. Kipande kilikuwa na siku thelathini, na ujira ulilipwa zikitimia. Karani wake alikuwa na mazoea, kabla hata hajafa, ya kusahau kutia alama siku moja ya mtu asiyejua kusoma, mara moja moja, kwa watu tofauti, ili bwana shamba amwone hodari. Alipokufa akafufuka, fundi alisema, hakuhisi badiliko kubwa. Aliendelea kuchukua kidogo kidogo, kwa watu tofauti. Uwezo wake ni mmoja tu: watu husahau kwamba walikuwa na kitu. Hageuki popo. Hamwumizi mtu. Na wa kwanza kunyonywa ni shemeji yake, mke wa kaka yake, aliyekuwa akimwekea sahani ya chakula mlangoni kila jioni wakati wa ugonjwa wake, naye akaendelea kuiweka baada ya mazishi kwa kuwa hajazoea kutoiweka.

Tazama ni kazi ndogo kiasi gani iliyobaki kwangu msimulizi. Sahani ipo mlangoni. Chakula hawezi kula tena. Aliyeiweka anazidi kudhoofu, na hajui kwa nini, na kaka mtu ameanza kutafuta mganga. Mganga atamtaja mtu, na mtu huyo hatakuwa karani. Atakuwa kibarua fulani mpweke, mgeni kutoka mbali, ambaye siku zake mbili hazikuonekana kwenye kipande na aliyethubutu kuuliza. Sikuhitaji kubuni jeshi wala majoka.

Watunzi wachanga huniuliza juu ya miaka mingi ya mnyonyadamu, jinsi ya kuiandika. Nawaambia wamtazame Tim Hutchings, ambaye katika Thousand Year Old Vampire, mchezo wa mtu mmoja na kalamu uliotoka mwishoni mwa miaka ya 2010, amempa mnyonyadamu nafasi ya kumbukumbu tano tu. Zikijaa, ili kuweka mpya mara nyingi hubidi ufute ya zamani kwa mkono wako. Unafuta jina la mama, unafuta kijiji. Nimewaona watu wazima wakisita na kalamu hewani. Lakini hata hapo mimi ninayo nyongeza yangu ya kikorofi, ambayo fundi aliikubali: mnyonyadamu akisahau, aliyenyonywa hasahau. Kile anachokifuta upande wake, mimi nakiandika upande wangu, kwenye daftari la pili lililoko mikononi mwangu. Lina majina, vijiji walikotoka, na siku ngapi za kila mmoja.

Wapo watakaosema nimeufanya mchezo kuwa mahakama, watu wanataka kupumzika baada ya kazi. Waje waone. Kwanza tunacheka mno kuliko wao, maana mnyonyadamu mwenye shemeji ni mtu wa kuchekesha kuliko mnyonyadamu mwenye ngome. Pili, hakuna anayelazimishwa. Aliyetaka popo na upanga yuko meza ya pili, mwanangu ndiye anayeisimulia, na chai ni ileile.

Fundi amebakiwa na chupa mbili. Shemeji yake yu hai bado, ingawa juzi hakuweza kuinuka kuichukua sahani, na aliyemletea maji ni yule kibarua. Karani alikuwa dirishani akiwatazama. Nilimwuliza fundi anafanya nini, akaomba tuahirishe hadi Jumamosi.